Ndoo ya Hinda

Jumamosi, 4 Novemba. Ijara

Nimewapa Kidato cha Pili kazi ya likizo: kila mmoja aandike shajara. Msichana mmoja mwenye ulimi mrefu akauliza, "Na wewe mwalimu, utaandika?" Nikasema nitaandika. Basi hii hapa, kwa ubishi tu.

Tuko wanawake watatu. Weris anafundisha kemia shuleni kwetu Garissa, na kwao ni Hulugho. Ikran anauza vitambaa mjini na hajawahi kulala mahali pasipo na stima. Na mimi, mtu wa Witu, ambaye bila nazi nahisi sijala. Weris ametuahidi siku nne kwa mama yake, tunywe maziwa ya ngamia mpaka tuombe msamaha. Binamu yake Abdiwahab ndiye anayetuendesha. Kesho atatuacha Hulugho, Jumatano atarudi kutuchukua.

Leo tumelala hapa Ijara kwa Hinda, dada yake Weris. Ameolewa miaka minane na hii ndiyo mimba ya kwanza iliyofika mahali pa kuonekana. Anatembea ameshika kiuno, anamcheka kila mtu, hasa mumewe Deeq, ambaye anamfuata nyuma na kiti kila anakokwenda. Anatarajia kujifungua mwisho wa mwezi. Tukirudi Jumatano tutakuja na mama yao, akae naye zile siku arobaini za uzazi, na aje na nyirinyiri.

Mimi sikujua nyirinyiri ni nini. Hinda akanieleza kwa mikono yote miwili: nyama ya ngamia inakatwa kamba kamba, inaanikwa, ikikauka inakatwa tena vipande vidogo kama punje za mahindi, inakaangwa mpaka maji yote yaishe, halafu inazamishwa ndani ya samli yenye hiliki. Inakaa miezi haiharibiki. "Mzazi akila hiyo, damu inarudi," alisema. "Na ya hooyo, mama yangu, si kama ya watu. Mimi hii mimba yote naiota tu hiyo."

Alipokuwa akitutandikia mikeka alimwambia Weris mara mbili, "Mwambie hooyo asisahau ndoo yangu."

Jumapili, 5 Novemba. Hulugho

Nyumba ya mama yake Weris iko nje kidogo ya mji, mabati mbele na kibanda cha jikoni nyuma. Anaitwa Raho. Weris anamwita hooyo. Mimi na Ikran tunamwita habo, yaani mama mdogo. Mwembamba, mrefu, na Kiswahili chake ni kile cha sokoni, lakini hakikosi shabaha. Alinishika mikono miwili akaniangalia juu mpaka chini. "Mwalimu, Garissa hakuna chakula?"

Mumewe, Mzee Nunow, yuko porini na ngamia. Mbuzi alichinjwa kabla hatujavua viatu.

Jumatatu, 6 Novemba

Mvua usiku kucha, na asubuhi nikala nyirinyiri kwa mara ya kwanza. Imepashwa moto kidogo, imemwagwa juu ya anjera, ile mikate laini ya kumimina, pembeni chai ya maziwa ya ngamia yenye harufu ya moshi, kwa sababu kibuyu cha maziwa hufukizwa kwa kaa la moto. Vipande vinalia chini ya jino, halafu samli inakuja, halafu hiliki. Niliisahau nazi. Nilisahau hata adabu, nikapangusa sahani kwa kipande cha mwisho cha anjera, na habo akaijaza tena. Nikamaliza. Akajaza.

"Manze, ukimaliza unaambia yeye bado una njaa," Ikran akaninong'oneza. "Acha kidogo kwa sahani."

Kwetu kuacha chakula ni kumtukana mpishi. Nikala ya tatu.

Jumanne, 7 Novemba

Mvua. Nyirinyiri. Furaha tupu.

Jumatano, 8 Novemba

Abdiwahab hakuja. Amepiga simu: barabara imekatika mahali pawili na laga zote, yaani mito ya mchanga, zimejaa maji. Yuko Ijara, gari limezama matope mpaka milangoni. "Labda Ijumaa, inshallah."

Habo amepokea habari hizo kwa kupika.

Ijumaa, 10 Novemba

Hakuna gari. Duka la Aweys, ambalo ndilo kubwa huku, limebakiza sabuni, viberiti na peremende. Lori lake la unga na mchele limekwama huko nyuma ya maji. Mzee Nunow ametuma neno kwamba amehamisha ngamia kwenda mahali pakavu, maana ngamia kwenye tope huvunjika miguu. Kwa hiyo maziwa hayaji tena. Mbuzi wa nyumbani wamekufa wanne kwa baridi, na waliobaki wamekonda, hawafai kuchinjwa.

Leo mchana Weris na mama yake wamezozana jikoni kwa Kisomali, sauti za chini, kama watu wanaopigana chini ya blanketi. Nikamwuliza Ikran wanasema nini. Akajifanya hasikii. Nikamkazia macho.

"Nyirinyiri ya nyumba iliisha Jumanne," akasema. "Hii tunakula tangu juzi ni ya Hinda."

Nilikwenda jikoni kuona kwa macho yangu. Iko pembeni ya mafiga, ndoo nyeupe ya plastiki iliyokuwa ya mafuta ya kupikia, kitambaa chekundu kimefungwa juu ya mfuniko. Nikafungua. Ilikuwa imeshuka karibu theluthi. Kijiko bado kimo ndani.

Nimekaa nje ya jikoni kwa muda mrefu nikijichukia. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sijui walikuwa wakimsema mgeni yupi.

Jumamosi, 11 Novemba

Tumekaa kikao sisi watatu kando ya tangi la maji. Weris amesema hakuna la kufanya. Mama yake hawezi kuwapa wageni anjera kavu na huku ana nyama ndani ya nyumba, na akijua kwamba tunajua, aibu itamuua. Ikran akasema basi tuwe wagonjwa.

Tumekuwa wagonjwa. Habo akatupa nyirinyiri ndiyo dawa.

Jumatatu, 13 Novemba

Nilikuwa na hakika mpango huu ni wangu na ni mzuri. Leo ni Jumatatu, siku ya sunna; nikatangaza kwamba sisi watatu tumefunga. Tungekula tende mbili na maji tukalala. Nani atamlazimisha mtu aliyefunga?

Habo alifurahi mpaka akatubusu vichwani. Kumfuturisha aliyefunga kuna thawabu kama za kufunga, akasema, na Mungu amemletea watatu ndani ya nyumba. Jioni akaleta sinia. Ilikuwa mara mbili ya kawaida.

Weris alikula akiangalia ukuta.

Jumanne, 14 Novemba

Kwetu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nimeomba jembe. Nimeshika ufagio, ukachukuliwa. Nimekwenda kuchota maji, nikanyang'anywa mtungi. Yeye mwenyewe, nimemchunguza, tangu Ijumaa anakunywa chai ya rangi tu na kulamba chumvi, akituambia meno yanamuuma.

Mvua.

Alhamisi, 16 Novemba

Nimemwambia. Weris alikuwa amelala, Ikran yuko dukani akinusa mtandao. Nikamfuata habo jikoni, nikachuchumaa, nikasema polepole ili anielewe: habo, tunajua ndoo ni ya Hinda, tunakuomba sana, tupe anjera na chai, inatosha, wallahi inatosha.

Hakukasirika. Aliendelea kupuliza moto. Halafu akasema, "Mwalimu, mgeni ya nani?"

"Wako, habo."

"Habana. Mgeni ya Mungu. Nakuja, naenda, Mungu naangalia. Hinda yangu. Yangu nangoja." Akanigusa kifundo cha mkono kwa vidole viwili, kama anapima. "Wewe nakonda hapa kwangu, watu natasema nini? Mama yako natasema nini? Kula, mwanangu. Bole bole barabara nafunguka."

Nilitaka kubishana. Mimi ni mwalimu, kazi yangu ni kubishana na watu. Akanipa sahani nikaibeba.

Jumamosi, 18 Novemba

Mtandao ulirudi kidogo leo asubuhi pale dukani kwa Aweys, na simu ya Weris ikaanza kulia ujumbe juu ya ujumbe, yote kutoka kwa Deeq. Akampigia. Tulikuwa tumesimama barazani sote wanne, habo akiwa ameshika mkono wa Ikran.

Hinda amejifungua juzi, kabla ya wakati. Msichana, mdogo sana, lakini analia na ananyonya. Hinda mwenyewe alitoka damu nyingi. Walimbeba juu ya kitanda kupita maji mpaka zahanati, wakamtia maji ya mishipa, damu ikakata, wakamrudisha nyumbani. Hawezi kusimama. Hali chakula. Kila wanachompa anakitazama tu. Anamwita mama yake.

Weris alitafsiri kwa ajili yangu huku sauti ikimkatika. Habo alisema alhamdulillahi. Akasema tena. Kisha akaketi pale pale kwenye tope mbele ya duka, na Aweys mwenyewe akatoka na kiti na hakujua akiweke wapi.

Hakukaa sana. Alinyanyuka akaenda nyumbani kwa hatua ndefu, sisi nyuma yake tukiteleza. Akaingia jikoni, akaifunga ndoo mgongoni kwa shuka kama mtoto, akashika barabara ya Ijara kwa miguu. Weris akamwita, hooyo, hooyo. Hakugeuka. Ni safari ya gari ya nusu siku barabara ikiwa kavu.

Tulimfikia kwenye laga ya kwanza. Siku ile tulipokuja ilikuwa mchanga mweupe. Abdiwahab alisimamisha gari katikati tukapiga picha. Leo ni mto. Maji ya rangi ya chai yanakwenda kwa kasi na mti mzima ulipita mbele yetu mizizi ikiwa juu. Ng'ambo walikuwapo wachungaji wawili. Walipomwona anashuka ukingoni wakaanza kupunga mikono na kupiga kelele arudi.

Aliingia mpaka magotini. Akaingia mpaka kiunoni. Weris alikuwa ameshamshika gauni, Ikran amemshika Weris, mimi nimemshika Ikran, na miguu yangu haikuwa imeshika chochote. Tulikuwa kama kamba ya nguo. Sijui kuogelea, mimi mtu wa Witu, na nililia kwa sauti bila haya. Habo alisimama pale maji yakimpiga ubavuni, akitazama ng'ambo. Halafu akarudi nyuma hatua moja, ya pili, mpaka tukatoka.

Aliiteremsha ndoo, akakagua kitambaa kama maji yameingia. Hayakuingia. Akatutazama, wasichana watatu wenye tope mpaka masikioni, tunatetemeka.

"Nyinyi nasikia njaa," akasema.

Tukarudi naye nyumbani. Akawasha moto, akafungua ndoo.

Jumapili, 19 Novemba

Sitaki kuandika.

Jumanne, 21 Novemba

Ikran, ambaye wiki ya kwanza alilalamikia kila kitu kuanzia choo mpaka jogoo, leo amefua nguo zote za habo bila kuulizwa, na alipokatazwa akaendelea kufua. Nilikuwa nikimwona mtu wa maneno tu. Weris ndiye ananitisha. Haongei na mama yake ila kwa lazima. Jana alisema, bila kunitazama, "Mngekuwa hamkuja." Kisha akaniomba msamaha mara tatu. Lakini ni kweli, tungekuwa hatukuja ndoo ingekuwa imejaa.

Mvua imepungua.

Alhamisi, 23 Novemba

Jua! Watu wametoka kulitazama kama bi harusi. Mtandao ulikuja dakika chache. Deeq anasema Hinda amekunywa uji kidogo akautapika. Mtoto anakosa maziwa ya kutosha. Hinda ameuliza kama mama yake ameanza safari. Deeq amemwambia ndiyo.

Ndoo imebaki chini ya robo. Habo amekubali, kwa mara ya kwanza, kutupa anjera na chai ya rangi. Alisema samli inamwasha macho leo, hawezi kuipasha. Nilikula anjera kavu kwa raha kuliko pilau yoyote ya harusi.

Jumamosi, 25 Novemba

Asubuhi tulisikia injini. Sijui kama nimewahi kusikia kitu kizuri hivyo. Lori tupu kutoka upande wa mpakani, limekwama njiani tangu mvua ianze, sasa linajaribu kuteremka Ijara kabla mawingu hayajarudi. Dereva ni mtu mzima aitwaye Kerrow, na wenzake watatu. Alituambia amesikia kwa wachungaji kwamba tangu jana laga ya kwanza imeshuka, lori linaweza kupita. Weris akaanza kufunga virago kabla hajamaliza kusema.

Halafu, mbele ya nyumba yetu kabisa, magurudumu ya nyuma yakazama mpaka kwenye ekseli.

Walichimba mpaka saa nne. Wakaketi. Kerrow alikuja kuomba maji, na habo akamwuliza wamekula lini. Akacheka tu. Yule kijana wake mmoja alikuwa amejilaza chini ya lori, na alipoitwa ainuke alishindwa. Juzi, Kerrow akasema. Juzi jioni walikula biskuti.

Nilimwona habo akigeuka kuelekea jikoni nikajua. Weris alijua kabla yangu. Alikuwa ameshaichukua ndoo na kuisukuma chini ya kitanda chetu, akakaa juu ya kitanda, miguu imening'inia mbele ya ndoo. Habo akaingia jikoni, akatazama pembeni ya mafiga, akaja akasimama mlangoni mwa chumba chetu.

Waliongea Kisomali na safari hii Ikran alinitafsiria yote, sikioni, akilia.

"Hiyo iliyobaki ni yake," Weris alisema. "Hiyo tu. Wape maji. Wape mimi nikachimbe."

"Utachimba wewe lori?"

"Hooyo, amekuita. Anakufa njaa huko na wewe unalisha barabara nzima!"

Nilidhani habo atampiga. Badala yake alikaa kitandani kando yake, akamshika goti. "Wanaume wana njaa. Wasipokula lori halitoki. Lori lisipotoka mimi siendi. Niende na mikono mitupu, au nibaki na ndoo? Niambie wewe, wewe ndiye uliyesoma."

Weris aliinua miguu.

Mimi ndiye niliyebeba sinia. Habo aliimwaga yote, akakwangua pembeni kwa kijiko, akaongeza anjera za unga wa mwisho. Wanaume walikula kama hawapumui. Kerrow alifumba macho. "Wallahi, mama," alisema kwa Kiswahili kwa sababu mimi nilikuwa mbele yake, "nimezunguka kutoka Mandera mpaka Lamu, nyirinyiri kama hii sijaona."

Niligeuka. Habo alikuwa mlangoni, amesikia, na alikuwa anatabasamu kwa fahari, mdomo mzima, na machozi yanateremka. Sijui nifanye nini na uso ule. Nimekaa nao mpaka sasa.

Lori lilitoka adhuhuri.

Jumatatu, 27 Novemba. Ijara

Tumefika leo asubuhi. Siku mbili njiani, tumelala kwenye lori, tumesukuma, tumechimba. Abdiwahab alitukuta nje ya mji, na gari lake liko hai. Habo hakumwitikia salamu sawasawa, alikuwa ameshapita.

Hinda yuko chumba cha ndani, pazia limeshushwa, moshi wa ubani. Nisingemtambua. Yule mwanamke wa kicheko amekuwa macho na mifupa ya shingo, na kando yake kitoto kimefungwa kitambaa, hakizidi urefu wa mkono wangu. Habo alianguka karibu yake, wakakumbatiana. Deeq alisimama nje ya mlango akifuta uso kwa kofia.

Kisha Hinda akaiona ndoo. Habo alikuwa ameifunga tena kitambaa chake chekundu, sijui kwa nini, na ameibeba mapajani safari nzima asimpe mtu. Hinda alifungua fundo mwenyewe. Vidole havikuwa na nguvu, ikamchukua muda, na hatukuthubutu kumsaidia. Akatazama ndani.

Ilibaki samli iliyoganda kwenye kona za chini, na punje chache.

"Wageni walikuwa wengi," habo akasema kwa Kiswahili. Kwa nini alisema kwa Kiswahili? Labda ili na sisi tusikie kwamba hajatulaumu. Nilitamani angetulaumu.

Hinda aliingiza kidole, akapitisha pembeni pote, polepole, akalamba. Akapitisha tena. Alikula ile yote mpaka plastiki ikang'aa, na ndicho pekee alichokula kikakaa tumboni, Deeq anasema, tangu ajifungue. Ilikuwa vidole saba au nane. Akaitazama ndoo kidogo, akairudisha kwa mama yake.

Wifi yake, Ilwad, akaingia na sinia: wali na nyama ya mbuzi, supu ya mafuta pembeni. Chakula cha mzazi. Nyumba nzima leo ina mbuzi huyo mmoja, Deeq alimpata kwa shida. Hinda akaonyesha kwa kidevu, kwetu.

"Wageni kwanza."

Nikasema hapana, Hinda, tumeshiba, tulikula njiani, kula wewe kwanza. Ikran akasema hivyo hivyo. Weris alikuwa ameinamisha kichwa. Ilwad akasimama katikati na sinia lake, hajui aende wapi.

Hinda alinitazama. Siwezi kusema ilikuwa hasira, wala siwezi kusema haikuwa.

"Mwalimu," akasema, "kwa hooyo umekula. Kwangu unakataa?"

Ilwad akaniletea maji ya kunawa. Nikanawa, nikala.